Kicheko cha Mapengo

Asubuhi ile viatu vya kazi vilipokataa kuingia, Kicheko alimlaumu fundi viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavuta, akasukuma, akapaka mafuta kwenye kisigino, kisha akamwambia mkewe kwamba ngozi za siku hizi si ngozi, zinarudi nyuma kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, hakukitazama kiatu. Aliutazama mguu. Alipiga magoti, akabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, na alipokiondoa kidole, shimo lilibaki palepale kama alama kwenye unga uliokandwa.

"Na hili shimo, fundi viatu ndiye amelichimba?" aliuliza.

Kicheko akacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyompa jina. La kuzaliwa lilikuwapo kwenye kitambulisho, lakini lilipotajwa, hata yeye mwenyewe alichelewa kuitika. Alikuwa mshereheshaji wa harusi. Kicheko chake kilianzia chini kifuani, kikakohoa kama pikipiki iliyolala kwenye baridi, halafu kikashika moto, na kikishashika, ukumbi mzima ulikifuata, hata wale waliokuja na kinyongo kuhusu mahari. Na kilipofika juu yalitokea meno: makubwa, meupe, yaliyopangika kama funguo za kinanda. Picha ya meno hayo ilibandikwa kwenye saluni, kwenye duka la vifaa vya umeme na kwenye mlango wa ukumbi, na namba ya simu chini yake. Watu walisema ukimwona Kicheko ameziba mdomo, ujue ni msiba.

Siku hiyo alikwenda kazini na makubazi, suruali akaishusha mpaka chini yasionekane, akasherehesha amesimama nyuma ya meza ya keki.

Fundi hakuliacha hapo; kwa namna yake aliendelea kuchunguza. Kwa muda sasa alikuwa ameona povu chooni kila mumewe akitoka. Halikuwa la kupasuka na kuisha. Lilikaa limesimama, jeupe, kama la nguo zilizolowekwa. Kicheko alisema ni ile sabuni mpya ya kusafishia. Fundi akabadilisha sabuni. Povu likabaki. Akaacha sabuni kabisa, akasugua kwa maji matupu na brashi, na bado povu likaja. Alipomweleza mumewe matokeo ya utafiti huo, mumewe alisema basi ni maji ya bomba.

Kisukari alikuwa nacho miaka mingi. Dawa alizimeza alipozikumbuka, na alipenda kuwaambia watu kwamba mtu anayeuza utamu hawezi kukosa wa kubaki nao nyumbani. Kwenda kliniki hakupenda, kwa sababu kule hakuna aliyecheka. Kwa hiyo Fundi alimdanganya. Alimwambia kwamba macho yake yeye ndiyo yanamsumbua, hawezi kutia uzi kwenye sindano, na anaogopa kwenda hospitali peke yake. Kicheko, mume mwema kwa mambo ya wengine, akavaa koti, akamsindikiza. Alipogundua kwamba jina linaloitwa ni lake, alikuwa ameshakaa kwenye benchi, katikati ya wazee waliomtambua na kumsalimia, na aibu ikamzuia kukimbia.

*

Daktari wa figo alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na miwani iliyomteleza puani. Alisoma majibu ya damu na mkojo, akairudisha miwani juu, akasema kwamba figo za Kicheko zimeanza kuvuja. Protini, ambayo ilipaswa kubaki kwenye damu, inatoka na mkojo. Ndiyo povu. Na miguu inavimba kwa sababu maji hayatoki kama inavyotakiwa.

Kicheko alieleza kwamba lazima kuna makosa, yeye hana maumivu popote. Daktari akamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, za kienyeji au za dukani. Kicheko akasema hakuna. Alisema hivyo akitazama kalenda ya ukutani, na hapo Fundi akanyoosha mkono, akaingiza vidole ndani ya koti la mumewe, chini ya kitambaa cha ndani, mahali ambapo mshono ulikuwa umefumuliwa kidogo, akatoa karatasi ya vidonge vya maumivu, nusu imeliwa. Akaiweka mezani. Halafu akatoa nyingine.

"Mimi ndiye ninayemshonea makoti," alimwambia daktari kwa upole. "Kila koti lina mfuko ambao sikuushona."

Ikajulikana. Yale meno ya kwenye matangazo yalikuwa yakiuma mwaka mzima. Fizi zilivimba, zilitoa damu akipiga mswaki, mbili tatu za juu zilikuwa na usaha, na meno ya mbele yalikuwa yakicheza akiyasukuma kwa ulimi. Kabla ya kila harusi alimeza vidonge, katikati ya harusi alimeza tena, na ukumbi ukampigia makofi. Hakumwambia mtu. Mshereheshaji mwenye meno mabovu, alieleza akiinamisha kichwa, ni kama kinyozi mwenye chawa.

Daktari alimtaka afungue mdomo, akammulika kwa tochi. Kisha aliona ile tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa Fundi, maana Fundi hata kanisani alikwenda nayo kwa kusahau, akaamua kuzungumza na yeye.

"Mama, figo ni kitambaa cha kuchujia, tena kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko zote unazozijua. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, inakikwaruza. Mwili unaona umevamiwa, unatuma askari wake. Askari hao wanapigana kwa moto, ndiyo silaha waliyo nayo. Moto huo sisi tunauita mchochota. Ukijikata kidole, moto unakuja, kidole kinavimba kinawasha, moto unasafisha, kisha unaondoka. Kwenye figo za huyu bwana hauondoki, kwa sababu sukari inauita kila siku. Unakaa pale, unachoma, unaacha kovu. Nyuzi zinaachana, protini inapita."

"Na mdomo unahusika nini?" Kicheko aliuliza. "Figo ziko mgongoni."

"Damu ni ileile. Fizi zako zina mchochota wa kwao, na wenyewe hauishi. Mwili wako wote unaishi kama mji uliotangaziwa hatari. Sukari inagoma kushuka, figo zinazidi kuungua. Siwezi kukuahidi kwamba ukitibiwa meno figo zitapona. Lakini siwezi kuzima moto chumbani huku wewe unachochea jikoni." Akaigusa karatasi ya vidonge kwa ncha ya kalamu. "Na hivi ndivyo unavyoumwagia petroli."

Akampangia dawa za sukari na za presha, ambazo alisema zitazilinda na figo pia, akampunguzia chumvi, akampiga marufuku vile vidonge, akamwandikia kingine cha kutuliza maumivu kisichoudhi figo, na akampeleka kwa daktari wa meno, jengo la pili, mlango wa kijani.

Daktari wa meno alikuwa kijana mchangamfu. Alisema mengi yataokoka kwa kusafishwa. Ya mbele ya juu hayataokoka. Yatang'olewa, fizi zipone, na baada ya muda Kicheko atatengenezewa ya bandia. Kicheko akauliza kama inawezekana kusubiri, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na harusi ya binti wa mkandarasi, yule aliyejenga nusu ya mji, na kazi ile ikienda vizuri itamfungulia milango ya wakubwa. Daktari akasema usaha hausubiri harusi. Kicheko akaomba kwenda msalani kwanza.

Hakurudi. Alitokea geti la nyuma, akatembea hadi nyumbani kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli, akiwasalimia watu kushoto na kulia, na hakuelewa kwa nini wanamtazama kifuani mpaka alipofika mlangoni na kukuta bado amefungwa bibu ya plastiki, ile ya kuzuia mate, aliyovishwa na daktari wa meno.

*

Fundi hakugombana naye. Alimweleza tu, akiwa amekaa kwenye cherehani, kwamba lile koti jipya la harusi ya mkandarasi, la rangi ya zambarau, lililokwisha kukatwa na kubandikwa pini, hatalishona. Yeye hashoni koti la mtu anayejizika. Akalikunja, akaliweka chini ya kitanda, akaendelea na sare za shule za watu.

Kicheko aliishi siku hizo kama mpangaji aliyepewa notisi. Alicheka, lakini kicheko kilikohoa tu, hakikushika moto. Bila vile vidonge meno yalipiga ngoma, na kile alichoandikiwa hakukinunua, kwa sababu kukinunua kungekuwa sawa na kukubali. Alikula ndizi mbivu na chai vuguvugu, jambo ambalo sukari yake ililipokea vibaya.

Aliyemtoa hapo ni mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe, na kati yake na Kicheko kulikuwa na heshima nzito kama pazia la ukumbi. Hawakula meza moja. Akiingia sebuleni, Kicheko alikaa wima na kushusha sauti. Bibi huyo hakutoka chumbani kabla hajafunga kitambaa kichwani na kuweka kila kitu mahali pake, na Kicheko, ambaye huko kumbini alitania hadi maaskofu, hakuwahi kumtania mama mkwe hata kwa jambo la hali ya hewa. Kitu kimoja tu alithubutu kumsifia mbele ya watu: kwamba mama wa mke wake, kwa umri ule, ana meno yake yote.

Alasiri moja, Fundi akiwa amekwenda kununua vifungo, mama mkwe alitoka chumbani na sahani ndogo ya kikombe. Akakaa mkabala na mkwe wake, akaweka sahani juu ya meza, akaingiza vidole viwili mdomoni, akayatoa meno ya juu, akayaweka kwenye sahani. Kisha akatoa ya chini, akayaweka pembeni ya yale.

Kicheko alifumba macho. Angemkuta bafuni asingeona aibu zaidi.

"Fumbua macho, mwanangu," mama mkwe alisema, kwa sauti laini isiyo na kingo. "Sijavua haya yangu mbele yako ili uangalie giza."

Kicheko akafumbua. Uso wa mama mkwe ulikuwa umekunjamana kuelekea katikati kama mfuko uliovutwa kamba, na ndani ya mikunjo hiyo macho yalikuwa yanamtazama bila wasiwasi.

"Baba wa mke wako alivimba miguu kama wewe," aliendelea. "Akanunua viatu vikubwa. Vikambana, akanunua vikubwa zaidi. Hospitali hakwenda kwa sababu alikuwa mtu wa watu, hakutaka waseme anaumwa. Tulimzika na meno yake yote, hata moja halikupungua. Waliokuja kumuaga walimsifia sana alivyopendeza. Mimi sikuona faida."

Kicheko alitazama meno kwenye sahani, na meno yakamtazama yeye.

"Nikiyavaa, nani anajua?" mama mkwe aliuliza.

"Hata mimi sikujua, Mama. Nimeyasifia mbele ya watu."

"Nilisikia. Nilikuwa nakucheka chumbani." Akaanza kucheka hapohapo, bila jino hata moja, kicheko cha kupuliza na kufuta machozi, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, Kicheko alicheka pamoja na mama mkwe wake. Fundi alirudi na vifungo, akawakuta hivyo, meno mezani, wote wawili wameshika mbavu. Alisimama mlangoni, akaweka mfuko chini polepole, akaingia chumbani, akalitoa koti la zambarau chini ya kitanda.

*

Meno yakang'olewa. Daktari wa meno alimpokea bila kumsuta, ila alimfunga bibu kwa mafundo mawili. Kicheko alitoka na pamba mdomoni, akatembea barabara kuu akiwa ameziba mdomo kwa leso, na kabla hajafika nyumbani watu watatu walikuwa wamempa pole ya msiba.

Shida ikabaki moja. Ya bandia yasingekuwa tayari kabla ya harusi. Kicheko alisimama mbele ya kioo, akajaribu kusema "bibi harusi", ikatoka "bibi haruthi". Akajaribu "figo", na upepo tu ukapita. Akakaa chini, akasema basi, kazi imekwenda.

Mama mkwe, ambaye alikuwa ameishi kipindi kirefu na fizi tupu kabla ya kupata yake, alisema mambo si hivyo. Herufi zinazohitaji meno ya mbele ni chache: s na z zinavuja, f na v hazina pa kukanyaga. Zilizobaki zote ni za bure. Akili ni kupita pembeni yao. Yeye miaka ile sokoni alimwita muuza samaki "mwenye kitoweo", na hakuna aliyemshuku.

Jioni nyumba ikageuka darasa. Kicheko alitembea huku na huko, Fundi akiwa kwenye cherehani, mama mkwe kwenye kochi, na kila neno lenye herufi mbaya lilikamatwa. Bwana harusi akawa "kijana wetu". Bibi harusi akawa "binti yetu". Kupendeza kulikatazwa, kwa hiyo binti yetu aling'ara. Makofi yaligoma, vigelegele vikagoma vibaya zaidi, wakakubaliana na nderemo. Neno lililowashinda ni asante. Walilizunguka kila upande, wakaishia kwenye "Mungu awabariki", na Fundi akasema itabidi siku hiyo abariki kila mtu, kuanzia wazazi mpaka fundi wa umeme.

Lakini mwenye harusi hadanganywi. Kicheko alikwenda nyumbani kwa mkandarasi kueleza hali yake mapema. Mama wa bibi harusi alimkaribisha kwenye viti vya ngozi, akamsikiliza, akamwomba aonyeshe. Kicheko akafungua mdomo. Mama akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu, kama anayekagua nyumba ya kupanga. Alisema anampa pole, ila wageni wake ni watu wazito, picha zitapigwa, hawezi kuwapokea kwa mdomo usio na mlango. Hata hivyo sauti ni nzuri, na kadi zimekwisha kuchapishwa jina lake. Basi afanye kazi akiwa nyuma ya pazia, kama redio.

Mkandarasi mwenyewe, jitu la miraba minne, alikuwa kochini wakati wote huo. Mwishoni aliuliza jambo moja tu: kama ilimuuma. Kicheko akasema kidogo. Mkandarasi akatikisa kichwa, akarudi kutazama dirisha.

Nyumbani, Fundi aliposikia habari ya pazia alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alitaka kazi irudishwe leo leo. Kicheko akasema hapana. Alisema amekwisha kutembea mjini na bibu, pazia litamfanya nini. Lakini alilisema hilo bila kucheka, na Fundi aliligundua.

*

Siku ya harusi alisimama nyuma ya pazia la jukwaa, katikati ya viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na ngazi ya kupambia, amevaa koti la zambarau ambalo hakuna atakayeliona. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kimojawapo, amekuja kushika maji ya kunywa, ndivyo alivyosema. Kupitia upenyo wa pazia waliona meza, maua, na migongo ya waliokaa mbele.

"Mabibi na mabwana, karibuni mketi," sauti ilisema, na ukumbi ukaketi. Mambo yakaenda. Binti yetu akaingia, aking'ara. Nderemo zikaombwa, zikatolewa. Wageni walibarikiwa, wapishi wakabarikiwa, mpiga picha akabarikiwa akashangaa. Kicheko alianza kuhisi ile raha yake ya kawaida ya kushika watu mkononi bila kuwagusa, na pengine hiyo raha ndiyo iliyomponza.

Baba wa bwana harusi alimpelekea ujumbe amwite mwanawe kwa jina lake kamili, aje akate keki. Jina hilo lilianza na s, lilikuwa na s nyingine katikati, na jina la baba lilianza na z. Kicheko alimtazama Fundi. Fundi akafungua mikono: hapo hakuna pembeni pa kupita.

Akalitamka. Likatoka na filimbi, kipaza sauti kikaipokea filimbi, spika zikapiga mluzi kama birika, na ukumbi mzima ukanyamaza. Kwenye kimya kile mtu mmoja akaguna. Mwingine akauliza kwa sauti nini hicho. Mama wa bibi harusi aligeuza shingo kuelekea pazia, na Kicheko aliona macho yake kupitia upenyo.

Fundi alimwona mumewe anainamisha kichwa, mabega yanatikisika, akadhani analia. Akanyanyuka. Ndipo akakisikia kile kikohozi cha pikipiki, mara moja, mara mbili, na kicheko kikashika moto. Kicheko alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu meno yang'olewe, kicheko chote, bila kuziba chochote, na kipaza sauti kilikuwa mkononi. Ukumbi ulikisikia. Wengine wakaanza kucheka bila kujua sababu. Fundi akashika ukingo wa pazia, akalivuta.

Maneno aliyoyasema Kicheko pale tutayaandika yakiwa yamenyooka, ingawa hayakutoka hivyo.

"Ndiyo mimi," alisema, amefungua mdomo wote chini ya taa. "Mlizoea meno. Meno yale yalikuwa yanawachekea ninyi, huku ndani yananiunguza mimi. Nilimeza vidonge nisisikie, na vidonge vikazila figo zangu. Miguu imevimba, nikamsingizia fundi viatu. Mkojo umetoa povu, nikaisingizia sabuni. Daktari akaniambia ndani yangu kuna moto, nikajiuliza nataka kubaki na nini. Nikaona figo hakuna anayezipiga picha, lakini ndizo zitakazonifikisha kwenye harusi za watoto wa hawa maharusi. Kwa hiyo nivumilieni. Sasa namwita tena bwana harusi, na safari hii wote tumwite kama ninavyoweza mimi."

Akalitamka jina, na filimbi yake. Ukumbi wa watu wazito ukalitamka vilevile, kwa mapengo, mameneja na wake zao, na bwana harusi akaenda kukata keki anacheka hadi kisu kinatetemeka. Bibi harusi alifuta machozi na kuharibu wanja. Mama yake alijaribu kubana midomo, akashindwa, akainamia kitambaa cha meza. Fundi, amesimama bado na pazia mkononi, alikuwa anaangalia mishono ya koti mabegani, kama imekaa sawa. Ilikuwa imekaa sawa.

Baadaye, watu wakiwa kwenye chakula, mkandarasi alimfuata Kicheko kwenye ujia wa jikoni. Alimpita, akarudi, akajifanya anatafuta swichi ya taa. Kisha akauliza, akiutazama ukuta, kwamba lile povu alilolisema, ni la kila siku au la siku mojamoja. Kicheko akamwambia kwake lilikuwa la kila siku. Mkandarasi akauliza kliniki ni siku gani. Halafu, akiwa amekwisha kuondoka hatua chache, akauliza kama mtu anaruhusiwa kwenda na mwenzake.

*

Walikwenda pamoja. Mkandarasi alivaa miwani nyeusi na kofia, akakaa pembeni kabisa ya benchi, akijikunja kadiri mwili wake ulivyoruhusu. Kicheko alikuwa na meno mapya kwa juma la kwanza, bado yalimteleza kidogo akizungumza haraka. Aliingia yeye kwanza. Daktari wa figo alirudisha miwani juu, akamweleza kwamba protini imepungua. Haijaisha, na makovu yaliyopo yatabaki. Sukari imeteremka, fizi zimetulia, uvimbe wa miguu umeshuka. Moto, alisema, wameuzuia usisambae, na kazi ya kuuzuia haina likizo. Kicheko alisema yeye hajawahi kuwa na likizo, kazi yake ni Jumamosi na Jumapili. Daktari akacheka, kumbe anajua.

Alipotoka, muuguzi alikuwa mlangoni anaita jina la mkandarasi. Aliliita mara ya kwanza, halafu ya pili kwa nguvu zaidi. Mkandarasi hakuinuka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili, na kwenye benchi watu walianza kuangaliana, wakitafuta ni nani.

Kicheko alimsogelea, akakaa karibu naye, akamuuliza kwa sauti ya chini kuna nini.

"Hii miguu," mkandarasi alisema. "Imekataa."

"Imevimba?"

"Imeogopa."

Kicheko akasimama katikati ya chumba kile chenye harufu ya dawa, akavuta koti likae sawa, akanyoosha mkono kuelekea mlango wa daktari.

"Mabibi na mabwana," alisema, kwa ile sauti yake ya ukumbini, na wazee wote wa kisukari wakainua vichwa. "Naomba tusimame, wale ambao magoti yanaruhusu. Tumpokee mgeni wetu wa heshima, amekuja mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa bado na figo zote mbili. Makofi tafadhali."

Bibi mmoja mwenye fimbo akaanza kupiga makofi. Wa pembeni yake akafuata, kisha benchi zima, na muuguzi pale mlangoni akabana faili kwapani ili naye apige. Mkandarasi alivua miwani nyeusi. Akavua na kofia. Akainuka, mkubwa, amelowa jasho, akatembea katikati yao taratibu kama bwana harusi, akipungia mkono kushoto na kulia, mpaka ndani.